Vijana wa Kanisa na Mafundi wa Delta

Katika ratiba za shughuli za vijana ambazo makanisa yetu huzituma kila mwaka kutoka mijini kwenda mitaa ya mbali, mambo yaleyale hurudi kwa utaratibu uleule: kongamano, mashindano ya kwaya, kabumbu, chemsha bongo ya Maandiko, na, tangu neno ujasiriamali lilipopanda mimbarini, semina ya siku mbili ya kutengeneza sabuni ya maji. Sina ugomvi na sabuni wala na wale wanaoifundisha. Ila nimeona, na msomaji bila shaka ameona, kwamba mtaa ambao vijana wake ishirini wamefundishwa sabuni ileile siku ileile hubaki baada ya mwezi na wauzaji ishirini pasipo mnunuzi hata mmoja, na madumu yaliyosalia hugeuzwa ya kutekea maji. Mwalimu wa semina ameshapanda basi, vyeti vimeshatundikwa ukutani, na kijana aliyekuwa hana kazi Ijumaa bado hana kazi Jumatatu, isipokuwa sasa amepungukiwa na fedha alizonunulia dawa na rangi.

Nitalitazama jambo hili kutoka Maparoni, kata ya Wilaya ya Kibiti iliyomo ndani ya delta ya Rufiji, mahali ambapo mto, baada ya safari yake ndefu kutoka bara, hujigawa katika mikono mingi kabla ya kuingia Bahari ya Hindi mkabala na Mafia, na ambapo njia ya kwenda sokoni, zahanati au ziarani kwa jamaa aghalabu ni ya maji, ikifuata kupwa na kujaa. Wenyeji wa delta, Warufiji, Wandengereko, Wanyagatwa na wengineo, kwa sehemu kubwa ni Waislamu tangu zama za mababu. Ukristo umefika kwa uchache, aghalabu pamoja na walimu, wauguzi, watumishi wa serikali, wavuvi na wachuuzi waliohamia kutoka mikoa mingine. Kundi la vijana wa kanisa katika mahali pa namna hii haliwezi kuwa kubwa, na swali la wajifunze nini hufuatwa papo hapo na swali lililo zito zaidi, yaani wajifunze kwa nani. Rai yangu ni kwamba wajifunze kazi za delta yenyewe, kwa mafundi wa delta wenyewe, ambao wengi wao huswali msikitini. Wajifunze kazini, kwa msimu mzima au zaidi, na walipe ada.

Tuanze na mashua, maana huko hakuna kilicho juu yake. Pasipo chombo mpunga haufiki kwa mnunuzi, kamba huoza katika ndoo, na mama aliyeshikwa na uchungu usiku hana pa kukimbilia. Fundi wa vyombo, ambaye pengine hakuwahi kushika mchoro wa karatasi maishani mwake, hulaza mkuku juu ya magogo, huyatafuta mataruma katika matawi ya mkomafi au mlilana ambayo Mwenyezi Mungu ameyapinda tayari kwa kadiri inayotakiwa, huchonga kwa tezo, hutoboa kwa keekee, hupigilia mbao moja baada ya moja, kisha huzikalafati nyufa kwa pamba iliyoloweshwa mafuta. Na kila hatua huipima kwa kamba na kwa jicho, akirudi nyuma hatua chache, akifumba jicho moja, akinyamaza kwa muda ambao mtazamaji asiyejua hudhani ni wa mapumziko. Ndani ya ukimya ule mna hesabu za kutosha kumtoa jasho mwanafunzi wa sekondari. Mna maarifa ya miti pia, upi huoza katika maji ya chumvi na upi hustahimili, na mna sheria, kwa kuwa mikoko ni msitu wa hifadhi tangu enzi ya Wajerumani na hata leo kuikata kunataka kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, jambo ambalo kijana afadhali alijue mapema kuliko kulijulia mahakamani.

Kijana atakayekaa na fundi huyu msimu mmoja hatakuwa fundi. Atakuwa amejua kunoa tezo, kuichagua mbao kwa kuigonga na kuisikiliza, kukalafati ufa usivuje, na, lililo kubwa kuliko hayo, atakuwa amepata kadirio la mambo asiyoyajua, nayo ni elimu ambayo semina haina nafasi ya kuitoa kwa sababu semina haina budi kumwaga kila mtu ameridhika. Desturi ya pwani tangu kale inajua namna ya kumpokea mwanafunzi: aliletwa na mzazi wake, ikatolewa ada ya kuanzia, akafagia bandani na kushika ncha ya ubao kwa siku nyingi kabla ya kuaminiwa na chombo chenye makali, na alipohitimu akampa mwalimu wake kilemba. Kundi la vijana laweza kuifuata njia hiyohiyo likiigeuza kidogo tu, wakaenda vijana wanne au watano badala ya mmoja, akasimama mzee wa kanisa mahali pa mzazi, na kilemba kikatoka katika mfuko wa kundi. Mradi wao uwe chombo kimoja, kidogo, ambacho watakimiliki wenyewe. Siku kitakaposhushwa majini ndiyo siku ya mtihani. Kikivuja, hakuna msimamizi wa kuongeza alama.

Baada ya tanga na kasia imekuja mashine, nayo imekuja na shida ambayo delta hii ina historia nayo. Septemba 1914 manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg, ikiisha kuizamisha Pegasus ya Waingereza katika bandari ya Unguja, iliingia kujificha katika mikono ya Rufiji kwa kuwa mitambo yake ilikuwa mibovu. Na kwa sababu hapakuwa na karakana huku mikokoni, ilibidi vipande vya mitambo ile vikokotwe kwa nguvu za watu, nchi kavu, hadi Dar es Salaam, vikatengenezwe na kurudishwa. Vilirudi, meli ikatengemaa, lakini Waingereza walikuwa wameshaziba milango, na Julai 11, 1915 ikaishia humohumo. Zaidi ya miaka mia imepita, na mashine ya boti iliyogoma kuwaka katikati ya visiwa aghalabu bado huanza safari ya namna ile, ikipakiwa kama maiti katika chombo cha jirani hadi Nyamisati na kutoka hapo kwa gari. Kijana anayeweza kuifungua kabureta na kuifunga tena bila kubakiwa na skrubu mkononi, anayejua kutambua petroli iliyoingia maji na plagi iliyochoka, huyo hana haja ya kufundishwa kutafuta soko, kwani soko litakuja kumgongea mlango alfajiri. Hali kadhalika anayejua kufunga na kutengeneza umeme wa jua. Mafundi wa kazi hizi wako Kibiti mjini na wako Nyamisati, na kumleta mmoja akae wiki mbili kisiwani, akifungua mashine mbovu za wanakijiji wenyewe mbele ya vijana, hakuzidi gharama ya kongamano ambalo fedha zake nyingi huishia katika nauli na pilau.

Msomaji mmoja atasema kwamba vijana wa leo hawana subira. Aende akasikilize mazoezi ya kwaya. Kwaya ndiyo shule ya ufundi ambayo makanisa yetu yameiendesha muda mrefu pasipo kuihesabu kuwa shule: kijana hufika jioni tatu kwa wiki, mvua isimzuie, akarudia mistari minne ya sauti ya tatu mpaka majirani wakaijua, akajifunza kuzisoma nota za sol-fa ubaoni, kumsikiliza mwenzake, kuingia kwa wakati na kunyamaza kwa wakati, mmoja akawa mpiga kinanda, mwingine akashona sare, mwingine akashika daftari la michango na kulitolea hesabu mbele ya wenzake wenye macho makali. Sijapata kusikia sauti ya tatu ikifundishwa kwa semina ya siku mbili. Subira hiyo ipo, na inapatikana kwa sababu kijana anajua kwamba siku ya Pasaka atasimama mbele ya watu, na kwamba aliye juu yake katika wimbo alianza mahali alipo yeye leo. Chombo kinachoundwa pwani, mbele ya kila apitaye, kina sifa hizohizo mbili.

Wala Kanisa la pwani haliwezi kusema kwamba kazi za mikono ni ngeni kwake. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, vijana waliokombolewa utumwani walifundishwa useremala, uashi, uhunzi na kilimo sambamba na katekisimu. Na huko Unguja, Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA, aliyetoa mwaka 1870 kitabu chake cha kuwafunza Waingereza Kiswahili, aliwaweka vijana wa asili hiyohiyo mbele ya mtambo wa chapa wakapanga herufi za risasi moja moja. Ila habari ile ina upande wa kiza ambao insafu haituruhusu kuuficha: wanafunzi wale hawakuchagua kwenda, jasho lao lilijenga misheni kabla ya kuwajenga wao, na ufundi uliambatana na dini hata mtu hakuweza kuutaka ufundi na kuiacha dini. Sisi tuliorithi twaweza kuichukua randa na kuliacha sharti. Na katika Maparoni nafasi zimegeuka, kwa kuwa zamani misheni ilikuwa mwalimu na mwenyeji alikuwa mwanafunzi, ilhali sasa kanisa ndilo litakaloketi chini na mwenyeji ndiye atakayesimama kufundisha. Jambo ambalo kwa roho yoyote yenye kiburi ni dawa chungu, na kwa sababu hiyo nalipenda zaidi.

Mabinti nao huletewa katika ratiba zile zile cherehani na keki. Lakini ukindu upo jirani, na akina bibi wa Rufiji wanaosuka ukili na kushona mikeka yenye nakshi za rangi wapo bado, ingawa idadi yao haiongezeki. Akaaye nao atajifunza kuvuna, kuanika, kutia rangi na kusuka, na atajifunza pia bei, maana mkeka huuzwa rahisi pale unaposukwa na ghali pale unapotandikwa. Hata hivyo sioni sababu ya binti kuzuiwa asishike bisibisi ya fundi mashine kwa kuwa ameshapewa ukindu.

Kuna stadi moja ambayo ningeiweka mbele ya zote kwa kundi la kanisa la delta, nayo haina kipato hata senti. Watoto wa watumishi waliotoka bara hukua kandokando ya maji ambayo wazazi wao huyaogopa, na kwa kuyaogopa huwakataza wasiyaguse, hata siku chombo kinapopinduka mtoto wa mwenyeji huibuka na kushika ubavu wa mtumbwi, na mtoto wa mgeni hajui afanye nini. Kuogelea kwafundishika. Kuzijua saa za maji kwafundishika vilevile: kwamba bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana na mikondo huwa mikali, na kwamba baina ya nyakati hizo kuna maji mafu yaliyo mapole, kwamba chombo kilichopakia mpaka ukingo wakati wa kusi si chombo cha kupanda hata kama nahodha ni mjomba wako, kwamba aliyezama na kuopolewa haning'inizwi miguu juu kama wengi wanavyodhani, bali hulazwa chali, njia ya pumzi ikafunguliwa, na iwapo hapumui akapuliziwa pumzi kinywani bila kukawia na kifua chake kikagandamizwa. Waadventista wa Sabato wana chama cha vijana wao, Watafuta Njia, ambacho kwa miaka mingi kimefundisha mafundo ya kamba, kuogelea na huduma ya kwanza, na kumvisha mtoto beji kwa kila stadi aliyoithibitisha kwa vitendo. Makanisa mengine yangeweza kuiga bila kuona haya. Muuguzi wa zahanati yupo, mvuvi anayeujua mkondo yupo, na somo zima halihitaji fedha za mfadhili.

Katika miaka ya karibuni imeingia pia shughuli ya kupanda mikoko, na vikundi vya vijana hupenda kuialika kamera. Delta ya Rufiji ina hekta zipatazo 50,000 za msitu huo, ambazo ni karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara, na tangu mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa limo katika orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Heshima hiyo huwafanya watu kuhesabu miche. Mche kuhesabiwa haumaanishi kwamba utaishi. Mlilana hupenda kusimama mbele, uso kwa uso na bahari; mkoko hutaka matope yanayofikiwa na maji kila siku; mkandaa hukaa nyuma, kwenye ardhi ngumu zaidi; mchu huvumilia chumvi ambayo huua wengine; na kundi linalochomeka mbegu za mkoko mahali popote penye nafasi litakuwa limefanya mazoezi ya viungo na kurudi nyumbani. Stadi hapa ni kujua kila mti na makazi yake, na kungoja. Wazee wanaovuna nguzo na wanaotega kaa huijua mipaka hiyo kwa miguu, na matembezi ya asubuhi moja pamoja nao, maji yakiwa yamekupwa, vijana wakiandika na kuchora, yana thamani kuliko miche elfu moja iliyopandwa mbele ya mgeni rasmi.

Sasa nifike penye ugumu wenyewe. Kanisa dogo katika nchi ya Waislamu likianza kukusanya vijana pwani kwa jina la ufundi, watu watashuku, na hawatakuwa wamekosa kabisa. Mwaka 2017 jina la Kibiti lilitajwa nchini kote kwa msiba, askari polisi na viongozi wa vijiji walipouawa. Watu waliopitia hofu ile wana haki ya kumwuliza kila ajaye na kundi la vijana kwamba anakusanya kwa ajili gani. Hivyo kabla ya ubao wa kwanza kukatwa, katekista au mchungaji aende kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa imamu, aseme hadharani kwamba pale bandani hapatahubiriwa, kwamba vijana wa madrasa wanakaribishwa kwa ada ileile na haki ileile, na kwamba kazi itasimama kwa ajili ya Ijumaa na kwa ajili ya Jumapili, na itapunguzwa saa katika Ramadhani. Akishasema hivyo alitimize, hasa lile la kutohubiri, maana najua watu wema ambao ulimi wao huwashinda. Nina hakika pia kwamba kijana wa kanisa atakayeshika ncha moja ya ubao huku mwenzake wa madrasa ameshika ncha ya pili, fundi akiwakaripia wote wawili kwa kutetemeka, atakuwa amepata kitu ambacho semina nyingi za kuishi kwa amani hazijampa mtu.

Kuhusu vyeti, ambavyo wazazi huviulizia kwanza, njia ipo: VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya vyuo, ambapo fundi wa mtaani hupimwa kwa kazi yake na kutambuliwa, na anayetaka kuendelea darasani ana Chuo cha Maendeleo ya Wananchi cha Ikwiriri katika wilaya jirani, kimojawapo cha vyuo vya aina ile vilivyoanzishwa kuanzia mwaka 1975. Halmashauri nazo hutenga asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi, nne kwa vijana, nne kwa wanawake na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Kundi lenye chombo kinachoelea na daftari safi la mapato na matumizi litaongea na afisa maendeleo ya jamii kwa lugha anayoielewa.

Linabaki pingamizi moja, ambalo nimelisikia kwa wazee wa kanisa zaidi ya mmoja, nao hulitamka kwa sauti ya chini: kwamba sadaka ya waumini haifai kumlipa fundi asiye wa imani yao. Nawaheshimu wazee hao, na naamini wanaisema kwa dhamiri safi. Lakini spika kubwa zilizo madhabahuni, na kinanda, na waya, na kitambaa cha sare za kwaya, vyote vilinunuliwa Kariakoo kwa sadaka hiyohiyo, na katika vikao vyote vilivyojadili bei yake hakuna mzee aliyesimama kuuliza mwenye duka husali wapi.